Jina Nililopewa Kankan

Mwanangu Niendiwe,

Uko chumba cha pili unapima begi kwa ile mizani ya kuning'iniza. Nakusikia ukitoa viatu, ukivirudisha, ukivitoa tena, na mimi niko hapa mezani nakuandikia kama mtu aliyeko mbali. Ukitokea nitasema naandika oda ya soko la Shahe. Kwa mdomo nimeshindwa tangu juzi, maana kila nikianza unanikatiza, "Mama, basi, nimekuelewa," na hujanielewa, kwa sababu hata sijafika kwenye jambo lenyewe.

Mambo ya chanjo, dawa za malaria na pasipoti uiweke wapi nayaacha. Hayo unayajua kunishinda. Tangu ukiwa darasa la tatu wewe ndiye unayenisomea vibao vya Kichina mji huu mzima. Nataka kuzungumza nawe juu ya ile sauti ya Mzee Fode.

Kesho unapanda ndege kwenda Guinea, mji wa Kankan, ukakae na watu wa Lansana kabla hamjaoana. Mzee Fode ni baba yake mkubwa, na ndiye mkubwa wa nyumba ile yote ya kina Keita. Juzi akatuma ujumbe wa sauti, Lansana akakutafsiria huku anacheka: "Mwambieni mtumwa wangu, binti wa walaji maharage, afanye haraka, ua haujafagiliwa." Wewe hukucheka. Ulikuja dukani macho mekundu ukaniambia, "Mama, huyu mtu hajaniona hata sura, ananiita mtumwa. Mimi nimekulia Guangzhou, nikikaa kwenye basi watu wanahama siti. Maneno ya hivi nimeyashiba. Siwezi kuyafuata tena mpaka Afrika kwa nauli yangu." Lansana akajaribu kueleza, ukamfungia mlango. Ukaamua utakwenda kwa kuwa tiketi hairudishiki, utakaa kimya na adabu zako, kisha utarudi uamue kama ndoa ipo au haipo.

Hicho kimya ndicho kinachoniogopesha, mwanangu. Ukiingia nacho kwenye nyumba ile, uchumba wako utafia mlangoni na hakuna atakayekuwa amekukosea. Najua, kwa sababu mimi nilipoingia pale nilikosea upande wa pili, kwa kufungua mdomo, na nusura nirudishwe na begi langu.

Safari yangu ya Kankan unaifahamu, picha umeziona. Nilikusimulia chakula, nguo na ngoma, aibu nikaiacha. Leo nakupa na aibu.

Saran, mama yake Lansana, alikuwa rafiki yangu kabla hujajua kama ana mtoto. Tulikutana soko la Zhanxi, tunagombea mzigo mmoja wa viatu vya kike. Laoban, yule bosi mwenye duka, alikuwa anatuchonganisha ili bei ipande. Saran akaniangalia, nikamwangalia, tukasema kwa pamoja "tai gui", ghali mno, tukatoka nje, tukarudi mkono kwa mkono kununua mzigo wote. Bosi amenuna mpaka leo, nadhani. Tangu hapo akija Guangzhou analala kwetu, kwenye kitanda chako, na wewe unahamia kwangu. Kifaransa changu ni cha kubahatisha na Kiingereza chake hivyo hivyo, kwa hiyo urafiki wetu wote tuliujenga kwa Kichina cha sokoni. Alipomwoza binti yake mkubwa akasema nisipokwenda hatanisamehe. Nikakuacha na baba yako, nikaenda.

Nilifika na miguu ya Guangzhou. Unajua ninachosema, maana ndivyo nilivyokulea: tembea upesi, usimtazame mtu usoni kama hununui, swali la kwanza ni bei. Asubuhi ya kwanza nikamkuta bibi mmoja wa pale uani, mama mdogo wa Saran, anaosha bakuli. Akaanza kunisalimia. Nimelalaje, watu wa nyumba yangu wamelalaje, mume, watoto, kazi, safari, uchovu wa safari. Mimi nikatikisa kichwa mara moja, nikamuuliza kitambaa cha bazeni kinauzwaje sokoni kwao. Yule bibi hakunijibu. Aliendelea na salamu zake, na kila alipouliza alijijibu mwenyewe kwa niaba yangu, pande zote mbili, mpaka mwisho. Halafu ndiyo akanitajia bei ya bazeni. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikacheka, lakini nilisikia joto masikioni.

Nikajifunza polepole. Kula bakuli moja na wenzangu, na kula palipo mbele yangu tu, nikingoja mwenye nyumba anisukumie kipande cha nyama. Kunywa chai yao ile chungu yenye sukari nyingi, inayochemshwa mara tatu, na hakuna anayeondoka kabla ya mara ya tatu. Majani yenyewe yanatoka huku huku China, boksi lina maandishi ambayo wewe ungeyasoma bila kukunja uso, na mimi miaka yote niliyokaa hapa sikuwahi kukaa chini kuinywa chai hiyo na mtu. Nyuma ya ua walikuwapo wanaume wawili wanaogonga bazeni iliyotiwa rangi kwa nyundo nzito za mbao, huyu akishusha yule anainua, mpaka kitambaa kinang'aa. Nimeuza kitambaa kile kwa robota, sikuwa najua kwamba kuna mtu anakipiga hivyo kabla hakijavaliwa. Niliwaomba nyundo nikajigonga kidole. Picha ile niliyofungwa kitambaa kidoleni, nikakwambia ni kisu cha jikoni, ndiyo hiyo.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe. Siku ya pili, Mzee Fode amekaa kwenye kiti chake na wageni wa heshima, mara akaingia fundi cherehani wa jirani, Bakary. Hakubisha hodi. Akapaza sauti, Saran akinitafsiria, "Wewe mtumwa, mla maharage, nani amekupa kiti?" Akampokonya mzee kofia, akaivaa yeye. Nilishika kifua. Mzee Fode, mtu ambaye wanawe wakubwa wenye ndevu wanaongea naye wameinamisha macho, alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamjibu matusi yaleyale, na zaidi.

Nikamuuliza Saran, "Ni nini hiki?"

Akasema, "Huyu Kulibali. Sisi Keita. Ndivyo tulivyo, tangu mababu."

Niendi, nilifurahi kama niliyeokota kitu changu. Utani! Mimi Mpare wa Usangi nisijue utani? Nimekua natukanwa na Wachaga kwa ajili ya makande. Baba yako alipokuja kunioa, shangazi zake waliimba njia nzima kutoka Machame kwamba wanakwenda kumwokoa mtoto wa watu kutoka kwenye sufuria la mahindi na maharage, na shangazi zangu wakajibu kwamba watu wa Usangi wafiche pochi zao kwanza, mwizi amekuja na msafara. Nikawaza, huku nako maharage! Nimefika nyumbani. Nikayakariri maneno ya Bakary kwa lugha yao, neno kwa neno, nikiwa nakoga, nikiwa nasuka nywele.

Kesho yake jioni Mzee Fode akaja upande wa wanawake kutusalimia wageni. Alishika kola mkononi, ile mbegu chungu wanayompa mgeni kwa heshima. Ua umejaa, wakwe wapya nao wapo. Akasimama mbele yangu, akaninyooshea kola. Nami nikatabasamu kwa meno yote, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Wewe mtumwa, mla maharage, nani amekupa kiti?"

Hakuna aliyecheka. Mzee alinitazama kidogo tu. Akairudisha kola mfukoni, akageuka, akatoka. Nikasikia mtu nyuma yangu anavuta pumzi. Saran alikuwa ameinamia bakuli, mkono hauendi wala haurudi, na nilijua bila kuambiwa kwamba aliyeharibikiwa ni yeye, maana mimi ningepanda ndege, yeye angebaki na shemeji aliyetukanwa na mgeni wake mbele ya wakwe.

Ndani nikafungua begi nikatoa kile kitambaa cha suti nilichomletea mume wake, nikamwambia nimpelekee mzee. Saran akasema kwa Kichina, "Bu yao." Hataki. Kisha akasema, "Hapa si Zhanxi. Huwezi kuongeza bei mpaka mtu akubali."

"Mbona Bakary kasema yaleyale?"

"Bakary ni Kulibali, ana haki. Wewe ni nani? Huna jina hapa. Mtu asiye na jina akisema maneno yale, ni matusi tu."

Kwetu utani ni wa kabila, ukiwa Mpare wewe ni mtani wa kila Mchaga duniani, hata umkute kwenye foleni ya viza. Kule unakwenda kwa jina la ukoo, huyu na huyu tu, na ukikosea mtu umetukana. Mimi nilijiona nimeelewa kwa sababu utani wao ulifanana na wetu. Kosa hilo mtu asiyejua utani kabisa asingelifanya. Angeogopa, angenyamaza, angepona.

Saran hakwenda kuomba msamaha. Alikwenda kwa Bakary. Akaja naye, na watu wakakusanyika tena, na mimi nimekaa kwenye mkeka natamani ardhi inimeze. Bakary hakuniombea radhi. Alikaa chini kabisa mbele ya kiti cha Mzee Fode, akasema huku Saran ananitafsiria kwa kunong'ona: "Keita, huyu mwanamke ni wa kwetu. Zamani sana Wakulibali wengine walifuata maharage upande wa mashariki, wakapotea. Huyu ndiye amerudi. Umeshindwa kumtambua kwa vile mtumwa hana akili."

Mzee hakucheka. Akaniuliza mimi, "Ni kweli?"

Usidhani ilikuwa rahisi, mwanangu. Mimi nina jina langu. Nimebeba ukoo wa baba yangu mpaka huku ambako wauza duka wananiita Mali na Lili, wanavyotaka, na nimewaitikia wote bila kumpa hata mmoja nafasi moyoni. Kupewa jina kwangu ilikuwa biashara. Lakini mzee yule alikuwa ananiuliza kwa dhati, na nikaona kwamba nikisema hapana kwa kujivuna, au nikasema ndiyo kwa kujiokoa tu, atajua. Nikatazama uso wa Saran. Nikasema, "Kweli. Mimi ni Kulibali."

Akasema, "Basi rudia ulichosema."

Nikarudia maneno yale, sauti imeniishia njiani, "Wewe mtumwa, mla maharage..." Hata sikumaliza. Mzee Fode akapiga goti lake kofi, akasema, "Sasa nimejua nani amemaliza sufuria tangu mgeni huyu aje!" Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Akatoa kola ileile mfukoni, akaivunja, nusu yake, nusu yangu. Nilitafuna ule uchungu huku nalia na kucheka, kamasi zinatoka, sijali. Sijawahi kupokelewa namna ile mahali popote, hata nyumbani.

Kuanzia hapo mji mzima ukawa wangu. Sokoni wauza vitunguu wakipiga kelele "Kulibali!" najua ni mimi. Keita yeyote akinitukana, nami namtukana, na kipimo kinaongezwa. Siku ya harusi nilipewa kazi: kumfichia mzee viatu, na kuvaa joho lake nicheze ninavyotaka. Nikauigiza mwendo wake wa kuburuta mguu, akafurahi kuliko bwana harusi.

Kwa hiyo, Niendi, sikiliza tena ile sauti. Mzee amekuita binti wa walaji maharage. Hao walaji maharage ni mimi. Hajasahau. Amekupa jina langu kabla hujafika, mbele ya nyumba yote, na anangoja kusikia kama unalichukua. Ukifika na kimya chako cha adabu, atadhani umelikataa, na kwa kuwa ni muungwana hatakulazimisha. Watakupa kiti kizuri. Watakuuliza hali. Watakusukumia nyama. Utarudi huku uniambie ni watu wema ila wana ubaridi, na hutajua kwamba ubaridi uliingia nao wewe.

Sikwambii neno lile ni jepesi. Linachoma, na wewe limekuchoma mahali ambapo mji huu ulishakuchubua. Wale wa kwenye basi wanaohama siti hawakupi nafasi ya kusema kitu, wanahama tu na kukuacha na hasira yako. Huyu amekutupia neno na amekaa anangoja umrudishie, tena lilelile, na siku ukimrudishia hana haki ya kukasirika hata mbele ya wakwe. Pima kwa hapo. Akitokea mtu kule akakwambia neno kama lile na ukaona huna ruhusa ya kujibu, huo si utani. Nipigie, nitakuja mwenyewe, na Wapare tunapofuata kesi hatuangalii gharama, baba yako atakwambia.

Namlaumu sana baba yako na mimi mwenyewe. Wewe ulizaliwa na watani wawili, ulitakiwa ukue na kelele hizo masikioni. Lakini tulivyofika huku tukachoka. Jioni tunahesabu maboksi, tunakula, tunalala. Sikumbuki mara ya mwisho nimemwita baba yako mwizi kwa furaha. Sasa yuko Dar anapokea kontena, na mimi huku, na tukiongea kwenye simu tunaongea mizigo. Tulikupa shule, lugha nne, na adabu ya kutomgusa mtu. Hatukukupa mtu wa kukutania, ndiyo maana alipotokea ukamfungia mlango.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo gumu.

Juzi ulipokuja dukani unalia, nilikukumbatia. Nilikuwa najua kila kitu nilichokuandikia hapa. Ningeweza kukwambia palepale, neno moja, ungecheka kabla machozi hayajakauka. Sikusema. Nilikupapasa mgongo nikakuacha ulie, kwa sababu moyoni nilikuwa nimefurahi. Nilijiambia, labda hatakwenda. Labda atabaki, tutaendelea kula pamoja uduvi wa pale kona, ataniongoza hospitali nikizeeka, atanisomea vibao. Siku mbili nimeishi na furaha hiyo mbaya, na mchana nikifungua na kufunga mizigo nikawa naimba. Umenisikia. Ukaniuliza, "Mama, una nini?" nikasema biashara nzuri.

Biashara haikuwa nzuri, mwanangu. Nilikuwa nakuzuia kwa kunyamaza. Habari ya dini tulishaimaliza, Lansana ninampenda, Saran ni dada yangu. Sina sababu yoyote ya kukushika isipokuwa kwamba wewe ni wangu na nyumba hii ikibaki bila wewe sijui nitaongea na nani. Nilitaka ulijue hilo kabla hujaondoka, ili usije ukadhani nilikuachia kwa wepesi. Sikuachii kwa wepesi. Nakuachia hivyohivyo.

Leo mchana nilimwomba Lansana anitumie ile sauti. Nikaisikiliza, sauti ya mzee imezeeka, anakohoa katikati ya matusi. Nikabonyeza kumjibu. Nilikuwa na maneno mazuri, nilishaanza na yule mtumwa na ua wake. Halafu nikafuta. Hakunitumia mimi. Amekaa pale kwenye kiti chake tangu juzi anaangalia simu, na kimya kinamuuma mtu mzima.

Ukimaliza kusoma, funga mlango wa chumba chako, usinijie kwanza. Chukua simu. Lansana atakufundisha maneno kwa simu, mfungulie tu. Mtukane Mzee Fode vizuri, mwanangu, kwa sauti kubwa, nikusikie huku mezani.

Mama yako